Sauti Isiyomo Kitabuni

Aminieli aliitambua mikono kabla ya kuzitambua sura. Kitambaa cheupe kilipovutwa na ile picha kubwa ikabaki wazi ukutani, wageni walitazama migomba, wakatazama udongo mwekundu wa kaburi, wakatazama jeneza. Yeye alitazama vidole. Aliviona vidole vya Frederick, mpigaji wake, juu ya besi, akauona mkono wa Stanley ulioirudisha tromboni ndani hadi mwisho. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akifundisha matarumbeta ya usharika, na mwalimu wa matarumbeta hamwangalii mpigaji usoni, maana usoni kuna nini zaidi ya mashavu? Humwangalia vidole, kwani hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Lakini tusikimbie mbele ya habari. Picha ile ilikuwa kazi ya mwanawe, Elihuruma, aliyezikwa miezi minane kabla bila tarumbeta hata moja kulia. Na ukitaka kujua ni nani aliyeyanyamazisha matarumbeta siku ile, usimsumbue mchungaji wala wazee wa kanisa. Alikuwa Aminieli mwenyewe.

Kule kwao, kwenye miteremko ya Meru, Mlutheri husindikizwa na matarumbeta. Mtu anaweza kuwa hana shamba wala ng'ombe, lakini jeneza lake likianza kushuka, wapigaji kumi na wawili husimama nusu duara wakampigia wimbo wa kuaga, na waliobaki hufarijika kwamba ndugu yao ameondoka kama watu. Anayenyimwa heshima hiyo ni yule aliyetengwa na usharika. Elihuruma alikuwa ametengwa. Alishuka mjini, akapanga chumba Sokon One, akaishi na Silantoi bila ndoa ya kanisani, na kazi yake ilikuwa kuchora kuta za baa. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa milango, bia haikutafutwa tena kwa kujuana, na baa zilichipua kila kona. Kijana mwenye brashi hakukosa kazi. Siku moja baba yake alipita mbele ya baa mojawapo, akamwona mwanamke aliyechorwa ukutani ameshika chupa, na chini ya miguu yake limeandikwa jina la ukoo wao. Tangu hapo hakutia mguu Sokon One, hata aliposikia kwamba mwanawe amekamatwa na yale maradhi ambayo watu waliyataja wakiinamisha macho.

Siku ya msiba mchungaji alimwita pembeni ya zizi. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ataombea wafiwa, na kuhusu matarumbeta, hayo ni mali ya Mwalimu. Akiamua yapigwe, hakuna mzee atakayehoji. Mlango ulikuwa wazi, jamani. Aminieli akaufunga kwa mkono wake. Aliwakumbuka wazazi aliowakatalia miaka yote ile, baba wa yule binti aliyekufa akijifungua nje ya ndoa, mjane mmoja aliyempigia magoti kwa ajili ya mwanawe mlevi. Wote aliwaambia kanuni ni kanuni. Sasa angewatazama kwa macho gani?

"Sheria haina mtoto," alimjibu mchungaji.

Na moyoni akajiimarisha kwa ule msemo wa watu wasio na huruma, kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Kijana akashushwa kwa mlio wa majembe. Tangu siku hiyo Eunike, mama wa marehemu, alizungumza na mumewe habari za maziwa na za kuni, basi.

Miezi ikapita, ndipo Silantoi akapanda mlima. Alimwamkia Aminieli shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea, akaeleza kilichomleta. Mfanyabiashara mmoja wa Kichaga, Irine, alikuwa amelinunua lile jengo lililokuwa duka la ushirika, pale pale ambapo watu walipanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya sukari na sabuni, akaligeuza kuwa ukumbi wa picha. Alitaka kuufungua kwa picha za Elihuruma, na aliomba matarumbeta yaliyomlea yaje kupiga. Aminieli alikuwa na jibu tayari ulimini, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Eunike akamtangulia. Alisema yeye atakwenda, apate wa kwenda naye, asipate. Wapigaji nao walipoulizwa wakasema watakwenda. Mwalimu alipoona amebaki peke yake akakubali, lakini kwa masharti: zipigwe nyimbo za harusi na za Krismasi tu, na yeye atasimama akizipa picha mgongo.

Na kweli, jioni ile alizipa mgongo saa nzima. Watalii na watu wa mashirika waliotoka mtaa wa Njiro walizunguka na glasi zao, wakipita kutoka picha hadi picha, na mara mojamoja walimtupia jicho mzee yule wa tai nyeusi aliyepiga nyimbo za furaha huku ameukunja uso. Ndipo Irine akatangaza picha ya mwisho. Watu wote waligeuka, na shingo ya Aminieli nayo ikageuka.

Basi akavisoma vidole. Sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikaa mahali zinapokaa katika nyimbo mia. Lakini Frederick wa pichani alikuwa amebonyeza kitufe cha kwanza na cha pili, mahali ambapo kitabu kinataka besi ipulizwe bila kubonyeza chochote. Aminieli alisogea. Akavihesabu vidole upya, akidhani macho ya uzee yanamcheza shere. Hayakumcheza. Ulikuwa ni wimbo wa kuaga, mstari wa tatu. Sauti ile ya besi haimo kitabuni. Aliiweka yeye mwenyewe mwaka alipomzika mama yake, kwa kuwa ile ya kitabuni aliiona ina furaha mno kwa mtu anayelitazama jeneza likizama. Hakuna usharika mwingine unaoipiga. Elihuruma aliijua kwa sababu alisimama kwenye mstari wa sauti ya pili tangu alipokuwa na miaka tisa hadi alipofikisha kumi na saba.

Akautafuta mstari huo wa sauti ya pili. Wapigaji walikuwa wawili badala ya watatu, na kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nyasi tupu. Kisha akajiona mwenyewe. Alikuwa mbele ya wote, karibu na kaburi kuliko mchungaji, tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa pumzi.

Silantoi alikuwa amesimama kando yake. Aminieli alimuuliza picha ile ilichorwa lini, na sauti yake haikuwa ile ya kufundishia.

"Mwezi wa mwisho, Baba. Nilikuwa namwegemeza kwa mito ndipo ashike brashi. Nikamwambia, wewe umetengwa, hawatakupigia. Akasema kanisa ni kanisa, baba ni baba. Baba atapiga."

Hakuyasema kwa kisasi. Angeyasema kwa kisasi, mzee angepata pa kushika, angekasirika, angetafuta neno la kanuni la kumjibu. Aliyasema kama mtu anayefikisha salamu alizotumwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba Aminieli alijua barabara alichokifanya. Alimnyima mwanawe kitu ambacho mwanawe hakuwa na shaka hata kidogo kwamba atakipata.

Akarudi kwa wapigaji. Akawaambia wimbo wa kuaga. Stanley alimtazama kwa kuuliza, kwa sababu masharti waliyasikia wote, naye akaitikia kwa kichwa. Wakainua vyombo. Wimbo ukaanza, na tarumbeta ya Mwalimu ikatoa upepo mtupu.

Ngoma unaweza kuipiga huku unalia. Tarumbeta haikubali. Yataka midomo iliyokaza, na midomo ya mtu anayelia haikazi. Na sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, jioni ile ilikuwa yake peke yake. Wenzake wawili wa sauti hiyo walibaki mlimani kwenye mavuno. Kwa hiyo sauti tatu za chini zilikwenda zenyewe, zikiupisha wimbo usiokuwepo, zikinyamaza mahali ambapo ungevuta pumzi, zikiendelea mahali ambapo ungeendelea. Wageni walidhani ndivyo ulivyotungwa. Mstari wa tatu ulipofika, Frederick alibonyeza vile vitufe viwili, na besi ikashuka pale Aminieli alipoiweka miaka ile, ikatetemesha vioo vya lile duka la zamani. Mzee alilia waziwazi, mbele za wazungu na mbele za watoto wake wa matarumbeta, tarumbeta ikiwa imemning'inia mkononi.

Ubeti ulipokwisha watu walipiga makofi. Makofi ya wimbo wa maziko, loo! Lakini wangejuaje? Irine alikuja mbele, akatabasamu, akaanza kuwashukuru wanamuziki. Wapigaji walitazamana, mmoja akaanza kumwaga mate yaliyokuwa ndani ya chombo chake. Frederick aliishusha besi sakafuni.

Eunike alikuwa amesimama karibu na picha muda wote bila kuigusa. Akageuka, akawapita wageni, akaja hadi mbele ya mumewe. Hakuyapangusa machozi yake wala hakuyatazama ya mwenzake.

"Wimbo una beti tano," alisema. "Mmepiga ubeti mmoja."

Irine alikatiza maneno yake. Frederick akaiinua besi, na wengine wakainua vyao, mmoja baada ya mwingine. Aminieli alijifuta midomo kwa kiganja. Akajifuta tena, kwa sababu ilikuwa bado imelowa. Kisha akaweka tarumbeta mdomoni, na wapigaji wote wakasimama wakimngoja avute pumzi.