Jumamosi za Kumwogesha Mbua

Nzisa alipoondoka kwenda Marekani kumsaidia binti yao Mueni kulea mtoto, ilisemekana atakaa miezi mitatu. Alimwachia mumewe Muthoka kuku, mbuzi, ufunguo wa stoo na mbwa wake. Kisha Mueni akapata mimba nyingine, zamu zake za kazi zikaongezeka, makaratasi yakatengenezwa upya. Miezi mitatu ikazaa mwaka, na mwaka nao ukaanza kumtafuta mwenzake.

Muthoka hakulalamika. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na huko Kalama mwanamume wa umri wake haendi akitangaza kwamba anamkumbuka mkewe. Majirani wakimwuliza Mama Mueni atarudi lini, alijibu, "Bado wanamhitaji," kisha akageuza mazungumzo yakawa ya mvua.

Simu walipigiana Jumapili. Muthoka alivaa shati safi, akaketi verandani, na kioo cha simu kikajaa nyuso za wajukuu. Mkubwa alimwonyesha gari la plastiki. Mdogo alilamba simu. Nzisa alionekana vipande vipande: bega likipita, mkono ukifuta kamasi za mtoto, ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Umekula?" sauti yake iliuliza kutoka nyuma.

"Nimekula."

"Mbuzi?"

"Wako salama."

Hapo mtoto alilia, au sufuria ikafurika, na simu ikakatika. Muthoka alibaki ameishika, ingali na joto mkononi.

Mbwa aliitwa Mbua, neno la Kikamba la mvua, kwa sababu Nzisa alimwokota akiwa mtoto, amelowa chapachapa, soko la Tala lilipofumuliwa na mvua kubwa. Wageni walidhani mama wa watu amekosa jina akamwita mbwa wake Mbwa, na Nzisa alichoka kuwaeleza. Mbua alikuwa wa miguu mifupi na manyoya marefu meupe, aina isiyojulikana, asiyefaa kuwinda wala kutisha mwizi. Kila Jumamosi Nzisa alimwogesha kwenye karai nyuma ya jikoni, akimsemesha kama mtu. Muthoka alikuwa akiwasikia kutoka verandani huku akisoma gazeti, na hakuwahi kuinuka kwenda kutazama.

Jumapili moja, wajukuu wakiwa wametulia kidogo, Nzisa alichukua simu mwenyewe na kusema, "Hebu nionyeshe Mbua."

Muthoka aligeuza simu kuelekea ngazi, alipolala mbwa.

"Huyo ni nani?" Nzisa aliuliza.

"Si ni Mbua?"

"Mbua wangu ni mweupe."

Muthoka alimtazama yule mbwa kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Alikuwa rangi ya udongo wa shamba. Manyoya ya kifuani yalikuwa yameshikana kama mkeka uliooza, nyuma ya masikio kupe wamejipanga wakubwa kama kunde, na alijikuna bila kupumzika. Alinuka pia. Muthoka alikuwa amelijua hilo, lakini alikuwa amezoea, jinsi alivyozoea kula akiwa amesimama jikoni.

"Nitamwosha leo leo," alisema.

"Na nini?"

"Sabuni ya unga iko."

"Aiya! Utamchuna ngozi! Baba Mueni, usimguse. Enda duka la agroveti ununue shampuu ya mbwa na dawa ya kupe. Jumamosi saa tisa unipigie, hapa itakuwa asubuhi watoto wakiwa bado wamelala. Usianze bila mimi."

Jumamosi ile Muthoka aliegemeza simu kwenye mtungi wa maji, akakunja suruali na kumimina maji kwenye karai.

"Ngoja," Nzisa alisema. Alikuwa amekaa peke yake mahali penye mwanga hafifu, akinong'ona. Uso wake wote ulikuwa ndani ya kioo. Muthoka hakuwa ameuona mzima kwa muda mrefu. Mashavu yalikuwa yamepungua. "Usimtie majini kabla hujamchana. Hayo mafundo yakilowa yanakaza zaidi. Anzia chini, kwenye ncha, uende juu polepole. Fundo likikataa, likate kwa makasi. Weka kidole chako katikati ya makasi na ngozi."

Muthoka alikata. Manyoya yalianguka mapande mapande, na Mbua akamwonyesha meno.

"Msemeshe," Nzisa alisema.

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Hajali maneno, anajali sauti."

Mwalimu alikohoa. Alianza kumwambia mbwa habari za mahindi, jinsi yalivyonyauka upande wa bondeni na kupona upande wa juu. Mbua alifunga mdomo. Ndani ya simu Nzisa alicheka, kicheko kifupi alichokibania wajukuu wasiamke, na Muthoka akaendelea na habari za mahindi hata alipokuwa amezimaliza.

Kupe aliwatoa kwa kibano cha kutolea miiba, akimshika kila mmoja karibu na ngozi na kumvuta wima, si kwa kupinda. Kisha wakapasha maji, yawe vuguvugu kama ya mtoto. Pamba kidogo masikioni. Povu lianzie shingoni, Nzisa alisema, ili viroboto wakikimbia wasipande kichwani. Maji yaliyotoka mara ya kwanza yalikuwa kama chai ya rangi. Maji ya tangi yalikuwa ya kubania, lakini siku hiyo Muthoka alichota tena, na tena, mpaka yakatoka safi.

Alipomkausha kwa taulo kuukuu, Mbua alijitikisa na kumlowesha mwalimu kuanzia miwani hadi magoti.

"Sasa huyo ndiye mbwa wangu," Nzisa alisema. Alisogeza uso karibu na kioo. "Wewe nawe umekonda."

"Ni simu hii."

"Si simu."

Mtoto aliita, na Nzisa akaenda. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwepo tena, na iliyofuata pia. Walisafisha masikio kwa pamba iliyochovywa kwenye dawa. Walikata kucha kidogo kidogo, wakichunga ule mshipa wa ndani usije ukatoka damu. Walichemsha gunia analolalia Mbua na kulianika kwenye ua. Na katikati ya mambo ya mbwa yalipenya mengine. Nzisa alieleza jinsi theluji inavyonyamazisha barabara. Muthoka alikiri kwamba hula ugali na maziwa siku nyingi, kwa sababu mboga za mtu mmoja ni kazi ya bure. Siku moja walikumbuka harusi ya dada yake Muthoka kule Kithimani, ambapo mvua iliangusha hema, wakacheka mpaka Nzisa akaziba mdomo kwa shali.

Jirani yao Ndunda alipita akamkuta mwalimu amepiga magoti mbele ya karai.

"Mwalimu, huyu mbwa anaoga kuliko sisi," alisema.

"Ni mambo ya afya," Muthoka alijibu bila kuinua kichwa.

Tatizo likawa kwamba mbwa alipona. Vidonda vilikauka, manyoya yakaota meupe na laini. Nzisa alimkagua kupitia simu, akaridhika. "Sasa hata kila wiki si lazima," alisema. "Ukimwosha sana ngozi inakauka. Mara moja kwa mwezi inatosha."

Wiki hiyo Muthoka alitembea shambani bila kujua anatafuta nini. Ijumaa alipiga simu kusema Mbua ana shida ya sikio. Jumamosi wakaliangalia sikio. Wiki ya pili alisema ni kucha. Wiki ya tatu alirudi kwenye sikio.

Nzisa alimwacha ageuze sikio mara mbili, kushoto na kulia, kisha akasema, "Baba Mueni, hilo sikio liko sawa."

"Utajuaje kutoka huko?"

"Mbwa wa sikio bovu anatikisa kichwa. Huyo amelala kama bibi harusi. Wiki jana ulisema kucha, nikaangalia kucha. Unataka nini?"

Muthoka aliliachia sikio. Alipangusa mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu.

"Nyumba imekuwa kubwa," alisema.

"Nyumba ni ile ile."

"Ni kubwa, Nzisa."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Mueni azaliwe. Kwenye simu, Nzisa aliinuka. Picha iliyumba, mlango ukafungwa, kisha akaonekana ameketi ukingoni mwa bafu, taa nyeupe juu ya kichwa.

"Unafikiri mimi nimekaa hapa nikifurahi?" alisema, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena. "Nawapenda hawa watoto, Mungu anajua. Lakini asubuhi nikiamka nasikiliza kama nitasikia jogoo. Nasikia friji. Kila Jumapili nangoja uniambie nirudi, na wewe unaniambia mbuzi wako salama. Nikasema basi, huyu mzee amezoea."

"Sijazoea."

"Ungesema."

"Niliona wanakuhitaji."

"Na wewe?"

Muthoka alitazama vilima vya upande wa pili, vilivyoanza kushika ukungu. "Njoo nyumbani," alisema.

Nzisa alivuta ncha ya kitambaa chake akajifuta macho, kisha akacheka huku akilia. "Mwaka mzima na zaidi! Ilibidi mpaka mbwa augue!"

Kesho yake Mueni ndiye aliyepiga. "Nau, mbona hamkusema?" alimwuliza baba yake. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, mtoto mdogo akimvuta nywele. Hakugombana. Alisema tu kwamba hajui atafanyaje, kwamba mahali pa kumwacha mtoto mchana hapatakuwa na nafasi kabla ya Agosti. "Mkiniambia aje sasa, atakuja. Nitajipanga."

Muthoka alilijua jibu alilolitaka. Lakini mtoto alianza kulia, na nyuma akasikia sauti ya Nzisa ikimbembeleza kwa Kikamba, wimbo ule ule aliomwimbia Mueni.

"Agosti si mbali," alisema.

Alipoweka simu chini, Agosti ilikuwa mbali kuliko kitu chochote alichowahi kukihesabu.

Juni iliingia na baridi yake. Ukungu ulilala juu ya Kalama hadi mchana, na jua likawa la kuviziwa. Jumamosi simu ililia kama kawaida, na sasa hakuna aliyetaja sikio wala kucha. Nzisa aliuliza kama mparachichi umezaa. Muthoka aliuliza kama anavaa soksi usiku. Wakati mwingine walikaa tu, Nzisa akisuka nywele za mjukuu, Muthoka akimchana Mbua manyoya, bila kusema, na simu hiyo nayo ilikuwa ngumu kuikata.

Siku moja mawingu yalipasuka ghafla. Muthoka alifungua madirisha ya chumba cha kulala, akatoa kwenye sanduku blanketi zito la Nzisa, lile la maua ya zambarau, na kulitandaza juu ya nyasi lipigwe na jua. Alikuwa ametoka kumwogesha Mbua, kwa vile mwezi ulikuwa umetimia. Aligeuka kidogo tu kufunga bomba la tangi. Aliporudi, mbwa alikuwa katikati ya blanketi, tumbo juu, akijigaragaza.

Muthoka aliinua mkono amfukuze. Mbua aliacha kujigaragaza, akasukuma pua ndani kabisa ya mikunjo, akavuta pumzi ndefu, kisha akatulia hapo.

Mwalimu aliushusha mkono. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa blanketi, na baada ya kutazama kama kuna mtu njiani, akalala chali.

Ndunda alipita na jembe begani. "Mwalimu! Mbwa kwa blanketi?"

"Mwache," Muthoka alisema, macho yamefungwa. "Ameoga."