Namba Ileile

Mwenyekiti wetu, Mulei, ni mtu wa kuamini macho yake tu. Kila Ijumaa nilimwambia kwamba nimesasisha kompyuta ya ghala, na kila Ijumaa aliinama mbele ya skrini, akatafuta namba ya toleo, kisha akanitazama kana kwamba nimemuuzia ndengu zenye mawe.

"Mbinya, hii namba si ni ile ya mwaka jana?"

"Ni ileile, mwenyekiti. Hatujahamia toleo kubwa jipya la Linux. Lakini wenye mfumo huchukua kutoka matoleo mapya marekebisho ya makosa wanayopitia wezi wa mtandao, na kuyatia ndani ya hili letu la zamani. Linatibiwa, halibadilishwi. Ndiyo maana mizani iliyounganishwa na kompyuta haitusumbui."

"Umetibu na hakuna kitu naona?"

Ningemwonyesha nini? Wezi ambao hawakuingia? Hesabu ambazo hazikupotea? Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachotokea, na katika chama chetu cha wakulima hapa Kyuso, mtu wa namna hiyo huonekana mvivu. Iliniuma sana, maana kazi nyingine sikuwa nayo.

Msimu wa ndengu ulipofika, Mulei akamleta Evanson, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu Mtito Andei. Nilimsihi mwenyekiti angoje mavuno yaishe. Wapi! Evanson alifuta mfumo wetu wote, akaweka toleo kubwa jipya: rangi za kupendeza, picha za milima, namba mpya. Mulei alichekelea kama mtu aliyenunua gari.

Asubuhi iliyofuata mizani haikusoma hata gunia moja. Programu yake iliandikwa kwa ajili ya toleo la zamani, haikuelewana na hili jipya. Wakulima wakakaa juani na magunia yao hadi madalali walipokuja na malori, wakayachukua kwa bei ya kutupa.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," Mulei akanipigia simu, sauti laini kabisa, "kuja urudishe ile yetu."

Nilirudisha toleo la zamani, nikapakua marekebisho yake yote, mizani ikasoma. Moyoni nikasema sasa hakuna wa kunigusa. Mjinga mimi.

Kwenye mkutano wa wanachama, Mulei alisimama. "Huyu Evanson alijaribu kutuletea maendeleo. Mbinya, wewe umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu, mwenyekiti. Nimerudisha."

"Haya. Na kama hiyo mashini haibadilikangi, ya nini kuweka mtu wa kuiangalia kila siku? Evanson atakuwa akipitia tu."

Evanson hata haya hakuona. Alitangaza kwamba ameshayazima yale masasisho, eti yanakula bando bure, na mashini bado inafanya kazi vizuri. Wanachama wakampigia makofi. Mama yangu, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa ameketi benchi la mbele. Naye alipiga.