Nusu ya Hasara

Basi la abiria aliniachia marehemu mume wangu, na dereva nikamrithi pamoja nalo. Mapatano yalikuwa mepesi: kila jioni aniletee hesabu ile ile. Ikizidi, ziada ni yake, ikipungua, ajazie kutoka mfukoni mwake. Tairi na mafundi juu yangu, mafuta juu yake.

Akija kurudisha funguo alikuwa anakaa kidogo, ananipa habari za njiani: nani kagombea dirisha, nani kataka kupanda na godoro. Wanangu wako mbali. Kwa siku nzima, mazungumzo yangu yalikuwa hayo tu.

Mafuta yakapanda bei. Jioni moja akasema, "Mama, nikiendelea hivi nitauza hata viatu."

"Hivyo? Nani atavinunua?"

Akacheka kwa shida. Nikaogopa ataacha kazi.

Mwanangu wa kwanza akanionya kwenye simu: "Mama, usikubali lolote. Hasara ni ya dereva." Nikamwitikia, nikafanya langu. Nikamwambia dereva tutoe pesa ya mafuta kwanza, kinachobaki tugawane nusu kwa nusu, na siku mbaya tuibebe wote.

"Mama, unanunua hasara?"

"Nusu yake. Nyingine kaa nayo."

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Kisha mvua zikashika, abiria wakapotea. Jioni moja sikumwona. Pesa kidogo ikaingia kwenye simu, na maneno: Siku mbaya, mama, nisamehe. Kesho yake vivyo hivyo. Basi lenyewe akawa analilaza kituo cha mafuta.

Nikampigia. "Mbona huji?"

"Nije niseme nini? Zamani nilikuwa najazia, naingia kwako kichwa juu. Sasa nikija, nakuja kukupunguzia."

"Njoo mikono mitupu, baba. Tukae."

"Siku ikiwa nzuri nitakuja, mama."

Nikangoja siku nzuri. Mvua haikukatika.

Asubuhi moja nikajifunga mtandio, nikaenda kituo cha mabasi, nikapanda letu. Kondakta alikuwa mgeni, hakunijua. Nikamlipa nauli kamili, nikakaa nyuma ya dereva. Akaniona kwenye kioo, akashtuka, lakini barabara ilikuwa mbovu, hakuweza kugeuka. Injini ilinguruma, hatukusemezana. Mbele ya macho yangu kilikuwa kisogo chake tu, kimeanza kuota mvi.

Mwisho wa njia wote wakashuka.

"Mama, tumefika."

"Naona. Geuza, turudi."