Mzee Mazengo Aweka Sikio Majini

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu pale Msalato alikuwa ameanza kuuza kitu, lakini Mzee Mazengo alishikilia vitu viwili tu: ng'ombe wake na ukweli. Kwake yeye mwongo alikuwa mbaya kuliko mwizi. Sasa hebu fikiria binti yake Erica, wa kidato cha pili, anarudi kutoka shule na kusimulia wakati wa kula kwamba nyangumi akilia baharini, mwenzake humsikia akiwa mbali kama Dodoma na Morogoro!

"Nani kakwambia?" Mzee akauliza.

"Mwalimu Gaudence, baba. Anasema sauti majini inakimbia zaidi ya mara nne ya hewani."

"Ameshaiona hiyo bahari?"

Erica naye, kudanganya hajui. "Hapana, baba. Kwao Kolo, huku huku bara."

Wee! Mzee akasukuma sahani ya ugali. "Kengele ya maksai wangu naisikia toka nyuma ya kilima kwa sababu inaletwa na upepo. Majini kuna upepo? Kama shule inafundisha uongo, basi. Jumatatu utachunga."

Fizikia ndiyo ilikuwa raha ya Erica. "Baba, nakuomba nafasi moja. Twende lamboni, pale ng'ombe wanaponywea, ukasikie mwenyewe."

Jumapili walipotoka kanisani, habari ilikuwa imeshaenea na nusu ya kijiji imeshajipanga ukingoni mwa lambo, na jirani yao Lameck, mzee wa kushabikia kila kitu, ndiye aliyewahi nafasi ya mbele. Mzee Mazengo akataka itumike kengele ya maksai wake, ile anayoijua hata kati ya mia. Akavua koti lake la mtumba, akampa Lameck alishike, akaingia mpaka kiunoni na kuzamisha sikio la kushoto. Erica, ng'ambo ya lambo, akaitosa kengele na kuitikisa kwa nguvu zake zote.

Mzee akainua kichwa. "Sijasikia kitu!"

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Erica akaichungulia kengele ndani ya maji, akaitikisa tena polepole. Ulimi wa kengele ulikuwa unajikokota tu majini, hauna nguvu ya kugonga. Lo! Maji hayana kosa, kosa ni la kengele. Akaokota mawe mawili.

"Baba, mara moja tu, kwa mawe!"

"Aliomba nafasi moja!" Lameck akadakia.

"Wewe shika koti," Mzee akasema. "Mimi nimeshaloa."

Akazamisha sikio. Erica akagonganisha mawe ndani ya maji mara tatu. Waliosimama karibu na Mzee hawakusikia kitu, lakini yeye aliruka akageuka nyuma kwa hasira.

"Nani kagonga hapa sikioni kwangu?"

"Ni mimi, baba! Maji hayabonyei kama hewa. Ukiyasukuma huku, yanasukumana haraka mpaka huko!"

"Gonga tena. Usiniambie mara ngapi!"

Erica akagonga mara saba. Kichwa cha Mzee kikiwa kimelala majini, vidole vyake vilichomoza kimoja kimoja mbele ya watu wote, vitano vya mkono mmoja na viwili vya mkono wa pili. Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee mwenyewe hakutoka. Alitaka tisa, akataka moja, akabadilisha sikio, mpaka ng'ombe wakachoka kumsubiri wakaja kunywa pembeni yake.

Jumatatu alfajiri Erica alitoka nje na fimbo ya kuchungia, maana baba yake hakuwa ametamka lolote kuhusu shule. Akamkuta ameshaitoa baiskeli, madaftari yamefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, baba. Unakwenda wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Usininong'oneze, masikio yangu yote yamejaa maji!" Mzee akafoka, kijiji kizima kikamsikia. "Weka fimbo chini, panda baiskeli, utachelewa shule!"