Wasioulizwa

Jumanne saa tatu asubuhi, Perpétue alikuwa akipangusa vumbi la volkano kwenye feni ya mashine inayotunza majina ya waliohamishwa na vita, pale Mama Kaswera alipochomoza kutoka ndani ya mashine hiyo, godoro kichwani.

"Jambo, mama. Banatuondosha tena."

Perpétue akamvutia kiti. Huyu alikuwa wa kumi na saba tangu jana.

"Kutoka wapi?"

"Kwanza Kibumba. Kisha Kanyaruchinya, kisha Mugunga. Sasa humu." Akaonyesha mashine kwa kidevu.

Perpétue, fundi pekee wa ofisi ile, alimweleza kwa heshima. Kila jina lina ukurasa wake; kumbukumbu ya mashine ni ndogo, kurasa ni nyingi. Ukurasa ukisomwa, unapata alama. Mlinzi wa mfumo hupita akizifuta alama zote. Akirudi na kukuta ukurasa haujapata nyingine, anautoa.

"Hana ubaya na mutu. Anaangalia tu nani anaulizwa."

"Na Habarurema, ule alichukua shamba yangu?"

Perpétue akachungulia. Ukurasa wa Habarurema ulikuwa umesomwa mara arobaini asubuhi hiyo. Wakubwa walikuwa wakimtengenezea hati ya shamba lile.

"Yeye iko ndani, mama."

"Hajahama hata siku moja, ule."

Haya ilimshika Perpétue. Akaandika programu fupi ya kusoma kila jina, kila dakika, bila kuchagua. Kufikia adhuhuri wote kumi na saba walikuwa wamerudi ndani na vyombo vyao, wakishukuru.

Jumatano mashine ikakwama. Mlinzi alizunguka na kuzunguka, kila ukurasa una alama, asipate wa kuutoa. Mkuu wa ofisi, Papa Janvier, alikuja na kikombe cha chai.

"Perpétue, mashini imekuwa kambi. Hatuwezi kuuliza habari ya batu bote. Futa ile kitu."

Akafuta. Saa kumi walianza kutoka, safari hii mia na arobaini, wakapanga mstari uani bila kusukumana. Mstari walikuwa wanaujua. Papa Janvier akasikitika kwa dhati, akaamuru waandikishwe upya.

"Jina?" Perpétue akauliza.

"Kaswera Julienne. Wa Kibumba."

Perpétue akaliandika polepole. Ukurasa ukapata alama, na mama akainama akaingia, godoro likamfuata. Kutoka upande wa pili wa mashine, mzee mmoja wa Masisi, ambaye ukurasa wake haukuwa na alama, alijitokeza, akakung'uta koti lake, akauliza mstari unaanzia wapi.