Kiti cha Sita

Mama alinipa viti sita siku ya harusi yangu. Mume wangu alichukua kimoja, akakifunga kwa bolti nyuma ya powatila yake, ile mashine ya kulimia ambayo mtu huishika kwa mikono na kutembea nyuma yake. Akaongeza magurudumu mawili ya toroli, akatangaza kwamba sasa ana trekta.

Nilinuna wiki nzima. Hakuona, alikuwa na lake. Kituo cha miche kilitaka kukodi mashine kwa msimu mzima, na mkaguzi angekuja kuzipanga: daraja la kwanza, ndilo la chini kabisa, za kutembea nyuma yake, zilime matuta, la pili, trekta ndogo za kukaliwa, zipite kati ya safu za miti, la tatu, zenye nguvu ya kuvuta tela. Majirani humwita mume wangu Injinia kwa utani, naye huitika kwa dhati. Akaapa hawezi kuandikwa daraja la chini. Tukikosa kazi ile, nilimwambia, msimu huu tutakula jeuri yako.

Mkaguzi alikuwa mama mpole mwenye futi ya kupimia. Akapima upana, akauliza nguvu ya injini, akaandika. Kisha akakitazama kiti changu, mto wake wa maua umelowa oili.

"Kaa, baba, uende mpaka getini."

Injinia akakaa, akatia gia. Pua ya mashine ikainuka, yeye akaanguka chali na kiti chake, miguu hewani. Nilitaka kumhurumia, lakini kicheko kilinitangulia.

Mkaguzi akaandika daraja la kwanza. Mume wangu akajipangusa, akaniambia turudi ndani, kazi imeshatupita.

"Imekupita vipi?" mkaguzi akauliza. "Matuta ndiyo mengi kuliko yote. Wenye powatila kumi na mmoja nimewapitia, wote wamefunga viti, wote wamekataa kutia sahihi hapa. Umebaki wewe."

Mume wangu akaitazama kalamu, akawatazama majirani waliojaa getini.

"Tia sahihi," nikasema, "halafu nifungulie kiti changu."

Akatia.

Siku hizi anatembea nyuma ya mashine yake asubuhi mpaka jioni, na akirudi miguu imemvimba, la kwanza anaomba pa kukaa. Nampa kile cha sita, chenye matundu manne ya bolti. Kinayumba kidogo. Hajawahi kulalamika.