Wakiuru Aenda Kupima Chuo

Wakiuru aliacha kumwamini Griffins pale aliposema zimebaki nafasi tatu.

Kabla ya hapo alikuwa anamvumilia tu. Griffins alikuwa kijana wa jirani hapo Mweiga, mwenye viatu vinavyong'aa hata msimu wa tope, na kazi yake siku hizi ilikuwa kutembea boma kwa boma akiwatafutia vyuo watoto waliomaliza kidato cha nne. Siku hiyo aliketi kwenye kiti kizuri cha wageni, kikombe cha chai mkononi na karatasi za rangi zimetandazwa mezani, akieleza habari za Chuo cha Biashara cha Upeo kilichoko mjini Nyeri. Diploma ya usimamizi wa mauzo, miaka miwili, na ukimaliza kazi inakungoja mlangoni.

"Lakini ni lazima mlipe hii wiki, Mama Kahiga," alisema. "Nafasi zimebaki tatu tu. Ijumaa tunafunga."

Wakiuru alikuwa ameuza viazi miaka ishirini. Dalali anayekuharakisha shambani ameshajua bei imepanda sokoni, na hataki ujue. Mwenye haja ya kweli hukaa, hupasua kiazi kimoja akaangalia ndani, hubishana mpaka jua likageuka.

"Chema chajiuza," alisema, "kibaya chajitembeza."

Binti yake Wachuka aliinua macho kutoka kwenye zile karatasi. "Sasa mum, kama kitu mzuri inajiuza yenyewe, mimi naenda kusomea nini?"

Griffins alicheka sana, kupita kiasi cha mzaha wenyewe. Wakiuru aliliweka hilo pia moyoni.

Msimlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Wakiuru nyoka wake alimjua kwa jina. Miaka minne nyuma kifungua mimba wake, Kahiga, alipelekwa chuo kimoja kilichokuwa na bango kubwa kuliko madarasa yake. Ng'ombe aliuzwa. Kahiga alirudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu, akakipeleka huku na kule, na kila ofisi ilimuuliza hicho chuo kiko wapi. Alipokwenda kuuliza, alikuta jengo limekuwa la kuuza magodoro. Sasa anapeleka watu Chaka kwa pikipiki na hataki mtu ataje shule mbele yake.

Sasa bandani alikuwa amebaki ng'ombe mmoja, mtamba mwenye mimba. Huyo ndiye angekuwa karo ya Wachuka. Wakikosea chuo tena, hakuna mwingine wa kuuza, na Wachuka angebaki shambani na jembe. Jambo hilo lilimtia Wakiuru hofu hata akawa anaota chuo kinageuka duka la magodoro huku binti yake yumo ndani.

Na alimpenda mtoto huyo kwa namna ya pekee. Binti wa kwanza, aliyeolewa Kangema, alichukua jina la upande wa baba. Wachuka, wa pili, alichukua jina la mama mzazi wa Wakiuru, kama desturi inavyotaka, na kwa hiyo tangu akiwa mchanga Wakiuru humwita mama yangu. "Mama yangu amekataa kula." "Mama yangu amepata C plain kwa mtihani wa kidato cha nne." Watu wa Mweiga hawaulizi, wanaelewa.

Griffins alipoondoka, Wachuka alikasirika waziwazi. "Mum, wewe hata mvua unaishuku. Nitakaa hapa mpaka lini?"

"Nipe siku moja," Wakiuru alisema. "Nikuchagulie."

"Utachagua aje na hujui hata hiyo kozi ni ya nini?"

Swali hilo lilimchoma.

Jumanne alivaa koti lake la kanisani, akashuka Nyeri peke yake, na wala hakumwambia mtu alichokusudia. Alikuwa ameifikiria sana njia yake. Ukienda kama mzazi utaonyeshwa kompyuta na picha. Yeye angekwenda kama mwanafunzi. Wakiuru, wa miaka arobaini na sita, aliyeachia shule darasa la saba, angeomba diploma. Chuo cha kweli kingemfukuza.

Upeo ilikuwa ghorofa ya tatu, zulia jipya, ukuta umejaa picha za watu waliovaa majoho. Wakiuru alizikagua. Mwanamume mmoja mwenye pengo alikuwa amehitimu katika picha tatu, kila moja na mwaka wake. Kijana wa tai nyekundu, aliyejitambulisha kuwa ni Bwana Mugo wa usajili, alimkimbilia.

"Karibu mum! Umetuletea mtoto?"

"Hapana. Ni mimi nataka kusoma. Hii ya mauzo."

Alingoja acheke. Hakucheka. "Safi sana, mum! Umri ni namba tu. Uko na biashara?"

"Niko na viazi."

"Basi wewe tayari ni meneja! Sisi tutakuongezea karatasi tu. Jina?"

Akaandika jina, akaandika namba ya simu, mashine ikanguruma, na kabla Wakiuru hajafungua vifungo vya koti alikuwa ameshika barua. Amekubaliwa diploma ya usimamizi wa mauzo. Alipe kabla ya Ijumaa.

"Hujaniuliza nilifika darasa la ngapi," alisema.

"Mum, hapa tunaangalia moyo."

Moyo! Hata mnunuzi wa viazi mjinga kuliko wote hupasua kimoja. Wakiuru aliaga kwa heshima, akashuka ngazi akiwa na furaha ya mtu aliyemshika mwizi mkono ukiwa bado mfukoni. Ghorofa ya pili alisimama, akasoma jina lake kwenye ile barua. Kisha akalisoma tena, ingawa mara ya kwanza alikuwa ameliona vizuri.

Chuo cha pili Wachuka mwenyewe ndiye aliyekiandika kwenye kikaratasi, kiwe cha akiba. Kilikuwa nyuma ya soko, mlango wa bluu uliobanduka rangi, na Wakiuru alikishuku papo hapo. Labda hawa nao ni wezi, ila wezi wasio na mtaji. Ndani alikuta mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa Bi Mwanabibi, mzaliwa wa mtaa wa Majengo papo hapo Nyeri, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka Wakiuru akaona haya kidogo ya chake.

"Nataka kusoma mauzo," Wakiuru alisema. "Ni mimi mwenyewe."

"Karibu, mama. Naomba nione cheti chako cha kidato cha nne."

"Sina."

"Kimepotea?"

"Sikufika huko. Niliachia darasa la saba."

Mwanabibi alivua miwani. "Basi hapo siwezi kukusaidia. Diploma ina masharti yake, na nikikupa nafasi nitakuwa nimekuibia. Kuna madarasa ya watu wazima. Ukianza huko, baada ya miaka kadhaa unaweza kurudi. Leo, hapana."

Hapo ndipo Wakiuru alipopaswa kufurahi. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta: mtu wa kukataa. Angeinuka, ashukuru, arudi Mweiga kabla ya saa ya kumlisha ng'ombe. Badala yake alijisikia akisema, na sauti yake ikapanda bila ruhusa.

"Lakini mimi najua kuuza! Mwaka wa ile mvua nyingi viazi vilioza kwa kila mtu, mimi vyangu viliisha. Niliwaendea wenye vibanda vya chipsi, mmoja mmoja, nikawaambia ukweli, hivi ni vya kukaangwa leo, kesho usivitafute. Mpaka sasa hawanunui kwa mtu mwingine. Hiyo si mauzo?"

"Hayo ni mauzo," Mwanabibi alisema. "Na walimu wangu wawili hapa hawayajui hivyo. Lakini diploma sikupi."

 Wakiuru aliona aibu ya kuumia kwa mchezo aliouanzisha mwenyewe. Ndipo ukweli ulipomponyoka.

"Sikuja kwa sababu yangu. Nimekuja kwa sababu ya mama yangu. Yeye ndiye anataka hii kozi."

Mwanabibi alimtazama kwa mashaka, na safari hii mshukiwa alikuwa Wakiuru. "Mama yako. Mama yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Ako na C plain."

Mwanabibi alipiga hesabu kichwani. Kisha yule mama wa Majengo, aliyekulia katikati ya Wagikuyu, akapiga meza kwa kicheko. "Laiti ungeanzia hapo! Nimekuona unaingia na koti la Jumapili, nikasema leo nimetumiwa mpelelezi. Kumbe ni binti yako, wajina wa nyanya yake." Akavuta droo, akatoa fomu. "Alete cheti chake mwenyewe. Nitampima kama nilivyokupima wewe." Halafu akauliza, kwa udadisi tu, "Na huyo nyanya mwenye jina, alisoma?"

"Hapana," Wakiuru alisema. "Ni yeye alinitoa shule. Alisema viazi havijui kusoma, na ndugu zangu wawili ndio waendelee."

Hakuwa amewahi kulisema hilo mbele ya mtu asiye wa kwao. Mwanabibi hakucheka tena. Alimsogezea fomu, akamwambia darasa liko wazi kwa wazazi kutazama, na Wakiuru akaenda kusimama mlangoni. Vijana kumi na wawili walikuwa wakibishana jinsi ya kumwambia mteja kwa adabu kwamba bidhaa ina kasoro. Alijua jibu. Alisimama pale mpaka kipindi kikaisha.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya Nyandarua. Wachuka alikuwa jikoni akimenya viazi, na Wakiuru akamweleza yote: Mugo na moyo wake, yule mhitimu mwenye pengo, Bi Mwanabibi na hapana yake. Walicheka mpaka Wachuka akajifuta macho kwa kiwiko. Griffins angeambiwa kesho atafute boma lingine. Chuo kilikuwa kimepatikana.

Wachuka alinawa mikono, akaichukua fomu, akakaa nayo mezani. Kalamu ilikuwa tayari hewani alipouliza, bila kuinua kichwa.

"Na kama huyo madam angekukubali wewe?"

Wakiuru alitaka kusema uongo. Kutwa nzima alikuwa amesema uongo bila kutetereka, na huu ungekuwa mdogo, wa huruma, ambao kila mama anao. Lakini haukuja.

"Ningeuza ng'ombe," alisema. "Wewe ungengoja."

 Wachuka aliisogeza fomu karibu na kifua, akaikinga kwa mkono wa kushoto, akaanza kuijaza haraka haraka.